Simu Ikaandika na Maneno ya Baba

Ijumaa, Ujiji. Mawingu tangu asubuhi. Mvua haitaki kunyesha wala haitaki kuondoka. Nami vivyo hivyo: nakaa, nasimama, nakaa tena.

Mkono wangu wa kulia bado uko kwenye plasta tangu bodaboda ilipotuangusha pale Gungu, kwa hiyo hata haya naiandikisha simu kwa mdomo. Unasema neno, halafu unatamka na alama yake: mkato, nukta, aya mpya. Majirani wakinisikia wanadhani nimerukwa na akili.

Bibi amefariki alfajiri.

Yeye na marehemu Babu walivuka ziwa na wana wao wawili, vita vilipowafukuza Kongo. Baba alipata maisha hapa Ujiji. Mdogo wake, Baba Mdogo Amisi, alikaa kambini miaka mingi, kisha akapelekwa kuishi Ulaya. Ndiye kitinda mimba wa Bibi, na ndiye asiyeweza kuwahi maziko.

Kwetu msiba hauandikwi. Anatumwa mtu mzima, anakuketisha, anakupa maji, ndipo anakwambia. Baba alitaka kwanza tumpate mzee wa kwetu huko aliko Amisi, akabishe hodi kwake. Kwa sasa tuseme mama yake anaumwa.

Nikaanza: "Baba Mdogo mkato shikamoo nukta Bibi ana homa nukta." Baba alikuwa nyuma yangu, roho juu. Akanong'ona, "Mwanangu, angalia usimwambie kama mama amekufa."

Simu haijui kuziba masikio. Iliandika yote, nami nikabonyeza kutuma.

Nilipoyaona maneno yale, yalikuwa yameshakwenda. Nifute? Ameshasoma. Baba aliketi mkekani akafunika uso kwa kofia yake. Hakunigombeza. Bora angefoka.

Nikaenda uani, nikarudi. Nikaenda barazani kwa wanawake, nikarudi. Simu kimya.

Jibu liliingia wanaume wakijiandaa kubeba jeneza. Baba akaniamuru nisome kwa sauti.

"Kaka, baba yetu alipokufa mliniandikia kwamba anaumwa. Nilimwombea apone wiki nzima, kumbe yuko kaburini. Leo angalau nalia siku moja na nyinyi. Mkifika makaburini nipigieni, nisikie dua."

Baba akaichukua simu, akaitia mfuko wa kanzu, akatoka na jeneza. Mimi nilibaki na wanawake, najifuta machozi kwa mkono mmoja.

Amerudi, amenirudishia simu, amesema tu, "Alisikia mpaka mwisho." Sauti yake haikuwa ya hasira.

Nilipaswa kutulia. Sijatulia.

Maana tangu asubuhi nilikuwa nachukia kumdanganya Baba Mdogo. Na kabla kidole hakijabonyeza, macho yangu yalipita kwenye kioo cha simu.

Je, kweli sikuona?