Bahari Iliyopikwa Uji

Sabrin, shika simu. Sabrin! Nimeisha.

Mama amepika modeli yangu ya utafiti.

Ile ya kwa sanduku, kando ya friji. Asali chini, ndiyo mwamba laini wa ndani ya dunia, juu yake unga wa mahindi na wa wimbi, tabaka kwa tabaka, ndiyo bara. Ile nimekuwa nikivuta ubao wake wa pembeni kidogo kidogo kila asubuhi, nione vile ukingo wa bara hukonda mpaka upasuke na bahari ifunguke. AMEIPIKA UJI.

Na nimeunywa! Nimetoka kulala kwa dada huko Komarock na njaa, nikapewa kikombe, nikasema, "Mama, uji wa leo umeweza!" Nikaongezewa. Nikaongezewa, Sabrin!!

Ndio nikaona sanduku limeoshwa, limeanikwa.

"Mama, ule unga uko wapi?"

"Ule ulikuwa unaharibika. Nimeamka nikapata umepasuka katikati, asali inachungulia. Nikaona nisitupe chakula."

Umepasuka katikati. Asali inachungulia. Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo tumengojea muhula mzima!

Nikakimbilia ile simu ya zamani niliyoiacha kwa chaji ikipiga sanduku picha yenyewe. Imezima; Mama aliichomoa kwa soketi jana apige pasi nguo za kanisa.

Kesho asubuhi nasimama mbele ya Daktari Shiundu, msimamizi wa utafiti. Nitamwonyesha nini, kikombe?

Nimembembeleza Mama aniambie tu ufa ulianzia upande gani. Aliyeiona hiyo bahari ikifunguka ni yeye peke yake duniani. Amefikiria sana, Sabrin. Sana.

"Sikuangalia, mwanangu. Nilikuwa natafuta mwiko."