Kiazi Kilichocheka na Meno ya Mama Mkwe

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku aliyosema mama mkwe wangu kwamba anaondoka, na akiondoka sijui nitamwachia nani mwanangu wakati nashona, mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi sebuleni, na mtoto anakaribia miaka mitatu, baba yake amembandika jina la Inspekta kwa sababu hakuna kitu humu ndani ambacho hajakikagua.

Nikueleze ili unielewe, huyu mtoto kila siku ana jambo jipya, mara amegundua kitunguu kimevaa nguo juu ya nguo, akakivua mpaka akakuta hamna mtu ndani, akalia, mara amegundua bafuni kuna mtoto mwenzake anayemjibu akiita, akampelekea biskuti, na mimi kila akigundua kitu namrekodi na kurusha kwenye kundi la familia, upande wa mume wangu wote wamo, mashangazi, mawifi, mashemeji, na wanapenda, nikichelewa wananiuliza Inspekta leo kakamata nini, na mtoto mwenyewe keshazoea, akiona hata sisimizi haniiti tena, anakimbia kuniletea simu.

Sasa juzi nilikuwa natia zipu kwenye gauni la mteja, nikasikia anacheka jikoni, kwenda nakuta kashika kiazi, kiazi kina meno, safu nzima ya juu na ufizi wake mwekundu, ananiambia, "Mama, kiazi kinacheka!" Mshauri, nilicheka mpaka nikakaa chini, nikarekodi, nikarusha, ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, "Hayo ni yangu," kugeuka ni mama mkwe, kafunika mdomo kwa kiganja. Miaka yote anajisifu kwamba daktari hajawahi kuyagusa meno yake, hata wanawe walikuwa hawajui, kumbe huyavua akayaweka kwenye glasi nyuma ya pazia. Wifi yangu mkubwa akaandika, "Kweli daktari hajayagusa, yameguswa na kiazi," na wengine wakafuatia na vikatuni vya kucheka.

Nikaifuta ile video, nikamwomba radhi palepale kwenye kundi, nikaweka na maua, lakini tangu hapo hatoki chumbani ila kwa lazima, akizungumza anaweka kitambaa mdomoni, na begi lake liko mlangoni. Mume wangu nilimwomba aongee naye, akanijibu, "Mimi simo, umerusha mwenyewe, kadake mwenyewe." Nifanyeje, na mimi ningejuaje yale ni meno ya nani? Nakuambatanishia video ujionee mwenyewe kwamba sikuwa na nia mbaya.

Mama Inspekta

JIBU

Mama Inspekta, pole. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Unauliza ungejuaje ni meno ya nani. Nyumba yenu ina watu wazima watatu. Yako yalikuwa mdomoni, unacheka nayo. Ya mumeo nadhani alikwenda nayo kazini. Upelelezi huo hata mwanao angeuweza.

Mtoto hana kosa. Kaona kitu, kakijaribu, kakuonyesha. Unapoomba radhi usimtaje kabisa.

Halafu hayo maua. Mama wa watu yuko chumba cha pili, nawe unamwomba radhi mbele ya walewale waliomcheka! Ulimtoa hadharani mara moja, ukaona haitoshi, ukamrudisha. Tena usidhani analilia meno. Amewalea wanawe wakimjua kuwa ni mtu asiyepungukiwa na kitu, na siri hiyo aliitunza mwenyewe mpaka ulipomsaidia kuisambaza.

Leo hii, zima cherehani. Simu iache kwenye droo ya nyuzi. Mtoto abaki na baba yake, huyo asiyekuwemo. Bisha mlango, ukae chini, useme, "Mama, nimekuvunjia heshima, na nilikuwa nacheka." Ishia hapo. Usitie "lakini". Akinyamaza, nyamaza naye. Mwambie unataka abaki, umwambie na sababu, ila usianze na hiyo ya magauni ya wateja. Akishikilia kuondoka, mbebee begi mpaka kituoni.

Wifi yako mpigie simu, umwambie mzaha umekwisha. Atanuna. Mwache.

Na vituko vya Inspekta, kuanzia sasa wa kwanza kuvisikia awe bibi yake, kwa mdomo, jioni, kabla ya kundi lolote. Akisema kisirushwe, hakirushwi. Mtoto akikuletea simu, irudishe mezani, umfuate mikono mitupu ukamwone huyo sisimizi.

La mwisho. Umeniambia video umeifuta. Hii uliyoniletea imetoka wapi? Sijaifungua. Nimeifuta kama ilivyokuja. Nenda kafute na ya kwako, halafu ndiyo ubishe mlango.