Chenso Iliyochoka

Jumatatu, 9 Novemba. Kibeta

Nimefungua plagi tena. Kavu, rangi ya kahawia. Plagi ya rangi hiyo haina hatia. Chujio la hewa nimelisafisha. Wavu wa ekzosi nimeusugua masizi yote. Mnyororo wa kukatia umenolewa. Nikiwasha, chenso inanguruma vizuri. Nikiitia kwenye gogo inakula dakika chache, kisha inalegea, inakohoa, inazimika. Nikiiacha kidogo, inarudi na nguvu zake kana kwamba haijafanya lolote.

Hilo la kupumzika linanikera. Injini si mtu, haichoki. Ikidai kupumzika, kuna kitu inakisubiri.

Sina siku nyingi. Upepo wa juzi umepasua mkaratusi ulio nyuma ya nyumba ya dada yangu Leokadia, kule Muleba. Umeinama juu ya chumba anacholala. Nimemwomba ahamie kwa muda kwa shemeji Deo, mdogo wa marehemu mumewe, ng'ambo ya kibanja chake cha migomba. Amekataa. Anasema analala vizuri sana.

Jumanne, 10 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nimeshinda nikizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nimebadili chujio la petroli lililo ndani ya tangi. Nimekoroga mchanganyiko mpya wa petroli na oili, nikatia nusu tangi. Mara hii ilikata muda mrefu zaidi. Nikafurahi. Ikalegea. Nina hasira na kitu kisicho na masikio.

Deo amepiga simu. Mti umeshuka tena. "Shemeji, lete hiyo mashine hivyo hivyo, tutaibembeleza."

Sikupaswa kukubali. Nimekubali.

Jumatano, 11 Novemba. Muleba

Tulifunga kamba juu ya shina, tukaivutia upande wa mibuni ili mti uangukie huko. Deo ndiye aliyekata. Mikono yangu haifai tena kazi hiyo. Dada alitoka ndani shingo upande, akaketi mbali akimenya ndizi.

"Mwalimu, umekuja kukata mti au kuusomesha?" akaniuliza. Ndivyo anavyoniita tangu nianze kufundisha.

Deo alicheka. Nami nikacheka kidogo.

Chenso ilizimika katikati ya shina. Tukaiwasha, ikakata kidogo, ikazimika. Kisha mvua kubwa ikaipoza papo hapo, tukaiwasha, bado ikakataa. Sasa mti umekatwa nusu, kamba imekaza, nyumba iko chini yake. Tumeufanya uwe hatari kuliko tulivyoukuta. Niandike wazi: naogopa.

Nimemsihi dada kwa Kihaya. Waitu, waitu, nikimbembeleza kama mtoto. Amerudi chumba kilekile. "Mti kaupanda mume wangu. Hawezi kuniangushia."

Alhamisi, 12 Novemba

Mti bado umesimama. Chai sikuimaliza.

Nimekaa na chenso nikafikiri badala ya kufungua skrubu. Inasubiri nini? Si kupoa, maana jana mvua iliipoza na haikusaidia. Nikakumbuka ile nusu tangi. Petroli kidogo, nafasi kubwa ya hewa, kazi ndefu zaidi. Nikakatia kuni mpaka ikazimika, nikalegeza kifuniko cha tangi papo hapo. Fyuu. Ikavuta hewa. Nikawasha bila kusubiri, ikaja na nguvu zote.

Ni jambo dogo. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Dumu la maji ukilipindua hugugumia kwa sababu hiyo hiyo. Tangi hili lilikuwa halipumui; chenso ikipumzika, hewa ilijipenyeza kidogo kidogo.

Karibu na mpini kuna tundu dogo la kupitishia hewa. Juu yake, kitu cheupe kimekandikwa vizuri na kukauka. Nimekinusa. Sabuni ya mche.

Deo aliiazima chenso wakati wa kiangazi. Amewahi kuwa dereva wa lori, na dereva gani wa huku hajaziba tangi kwa sabuni? "Niliona inavuja, shemeji, nikakutunzia." Alisema akitazama chini. Hakunificha kitu. Aliona ni wema mdogo, haukuhitaji kutangazwa.

Nimemwambia lile si tundu la kuvuja, ni pua. Nikalizibua kwa sindano ya dada, nikampa yeye akate. Haikuzimika hata mara moja. Mti ukaenda ulikovutwa, ukalala juu ya mibuni. Dada ametugombeza kwa ajili ya mibuni hiyo hadi chakula kikapoa.

Ijumaa, 13 Novemba

Mawingu. Hakuna mvua. Deo amekuja mapema tukate magogo.

Mlango wa dada ulikuwa umefungwa bado, na yeye huamka kabla ya jogoo. Nikachungulia dirishani. Amelala, mdomo wazi, kitenge kimeanguka chini. Usingizi wa mtu aliyeukosa siku nyingi.

Deo alikuwa ameshashika kamba ya kuwashia. Nikamwekea mkono begani. Akaiweka chenso chini taratibu.

Tumekaa juu ya gogo hadi jua likapanda.