Unga wa Safari

Mjomba Kasmiri,

Shikamoo. Nimefika Msumbiji salama na masista wamenipokea vizuri. Watoto wa hapa wananicheka ninavyotamka maneno yao.

Shule yao ilinisubiri mpaka ikachoka. Nafasi yangu ya kujitolea kufundisha ushonaji amepewa mwingine, kwa hiyo nasonga ugali jikoni. Wa kumshukuru namjua.

Mama alisema siondoki Kiegei mpaka wewe, mjomba wangu, unimwagie unga wa baraka, kama ilivyo kwetu. Nikaja kwako Nambilanje na begi langu. Ukasema kesho. Kesho ikawa wiki ijayo, mara umeota ndoto mbaya, mara unga umeisha, na muda wote huo mimi napepeta ufuta wako. Halafu nikakusikia ukimwambia mkeo, mnacheka: "Nikimmwagia unga leo, ufuta atapepeta nani?"

Nilipepeta wote, ukawa safi wa kwenda mnadani.

Usimwambie mama kwamba niliondoka bila baraka. Alfajiri ile, nyinyi mmelala, nilibeba debe lako la unga nikaenda nalo ghalani. Nilisimama juu ya ufuta nikajimwagia mwenyewe, debe zima, huku nawataja mababu mmoja mmoja. Nikanyunyiza na maji, maana baraka bila maji haishiki. Kisha nikakoroga vizuri kwa jembe.

Sasa pepeta.

Mpwa wako,
Teodosia