Mlango Wangu Umefikaje Mtwara

Mbokomu, Moshi
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Mwanangu mpendwa Eliakim, kitindamimba wangu,

Salamu nyingi kutoka mlimani, nimezifunga vizuri zisimwagike njiani. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo tangu masika lina mambo yake na halisikilizi mtu. Mama yako mzima. Ng'ombe naye mzima, amezaa ndama jike. Wewe je? Joto la Mtwara likoje? Mikorosho imechanua? Upepo wa bahari unakufaa kifua? Nijibu yote, usiruke hata moja, maana napenda sana unavyojibu.

Kwanza nikujulishe kwamba kompyuta sasa naiweza. Naiendesha kama dereva wa zamani na lori lake la kahawa, mkono mmoja dirishani. Watu wanapanda kutoka Kiboriloni kuja kuniuliza, na Mchungaji amenibembeleza nimwandikie ratiba ya usharika mzima.

Huo ni uongo, mwanangu. Kompyuta iko juu ya kabati, mama yako ameifunika kile kitambaa chake cha kufuma, na juu ya kitambaa nimeweka redio. Sijaigusa tangu jana, na ya jana ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Nimeona nianze kwa uongo kidogo ili twende sawa, wewe na mimi.

Maana barua hii ina neno moja tu, nalo nakuambia mapema usihangaike kulitafuta: nataka kujua kama bado mimi ni mtu unayemwambia ukweli. Ila niache nilifikie taratibu. Goti hili halikimbii.

Wewe ndiye uliyesema tuinunue. Nilipokusumbua kwamba hukuja Pasaka, ukanijibu, "Baba, simu hiyo ni ndogo na macho yako yamechoka. Nunueni kompyuta mnione vizuri, hata nikiwa huku mbali." Huku mbali! Tukashuka mjini, mimi na mama yako, tumevaa nguo za kanisani kana kwamba tunakwenda kuposa. Kijana wa dukani akaipangusa kwa kiwiko, akasema, "Mzee, hii ina kila kitu ndani. Mkifika ni kuwasha tu."

Tukafika, tukawasha tu. Ikaanza kutuhoji kama karani wa sensa. Jina. Nchi. Barua pepe. Neno la siri. Mimi wa darasa la nne nikaandika jina la ng'ombe. Ikasema ni dhaifu. Ng'ombe wangu, dhaifu! Nikaandika jina la mama yako, pamoja na mwaka tuliooana, ikasema hilo sasa lina nguvu. Hapo sikubishana nayo.

Kisha ikataka nithibitishe kwamba mimi si roboti. Eliakim, nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimefunga ndoa madhabahuni, nimezika wazazi wote wawili, halafu nikajieleze mbele ya sanduku lililotengenezwa juzi! Ikaleta vipicha, nichague vyenye taa za barabarani. Mama yako anasema hii ni taa, mimi nasema hiyo ni nguzo. Tukabishana mpaka chai ikapoa, na mashine ikatukataa wote wawili.

Tukakupigia simu. Hapo nakusifu, ulitusaidia kwa uvumilivu ambao hukuurithi kwangu.

"Baba, bonyeza pale chini kushoto."

"Chini ya nini?"

"Chini ya kioo, baba."

"Chini ya kioo kuna meza."

"Ndani ya kioo, baba! Hebu mpe mama."

Ukawa ndio wimbo wa nyumba hii, mpe mama. Nikiandika herufi zikatoka zote kubwa kama tangazo la msiba, mpe mama. Sauti ikipotea, mpe mama. Na ile siku iliyoandika kwamba inajirekebisha, isizimwe, kiduara kikazunguka kutwa nzima, nami nimekaa mbele yake nailinda kama kuku aliyeatamia. Ukasema kwenye simu, "Vumilia baba, ningekuwa karibu ningekuja." Ningekuwa karibu. Maneno hayo yalitoka kinywani mwako, mimi sijaongeza chumvi.

Basi ikatulia. Kila Jumapili baada ya ibada tukawa tunakuona, na nyuma yako bahari ya buluu, mchanga mweupe, minazi imeinama kama inakusalimia. Nilijivuna, mwanangu. Nilimwita jirani yetu Sirili aje na kikombe chake cha mbege, nikamwambia, ona mwanangu anapoishi, wa kwako yuko Arusha anakula vumbi. Sirili akakohoa. Nikadhani mbege imempalia.

Sasa jana. Ulikuwa unanieleza habari za joto, unajifuta jasho kabisa, ukageuka ghafla kuchukua chaja. Bahari ikachanika. Nakuandikia nilichokiona: sikio lako likaliwa na mnazi, mkono ukaishia kwenye kiwiko, na pale begani pakafunguka tundu. Ndani ya tundu nikaona mlango.

Mlango ule naujua. Ni wa mgrivilea, nimeuranda kwa mikono yangu dada yako Kindness alipohamia Pasua, hapo Moshi mjini. Una fundo kubwa katikati kama jicho la ng'ombe. Mimi nilitaka kuliziba, Kindness akasema, liache baba, litatulindia nyumba. Basi jicho likanitazama, na mimi nikalitazama.

Nikakuuliza kwa upole, "Eliakim, huko Mtwara mlango wangu umefikaje?"

"Baba, mtandao unasumbua. Nakusikia kwa mbali."

"Mlango, mwanangu. Huo nyuma ya mnazi."

"Baba, unakatakata..."

Ukakatika wewe. Mtandao huo umelelewa vizuri, unajua wakati wa kuaga.

Nikamgeukia mama yako. Alikuwa na beseni la ndizi mapajani, na nikaona anamenya zile alizokwisha kuzimenya. Nikasema, "Eunike." Hakuinua kichwa. Akasema, "Ungemcheka." Neno moja tu, nami nikajua kwamba nyumba hii yote ilikuwa na habari, isipokuwa mwenye nyumba.

Akanieleza yaliyobaki. Kwamba bahari ile ni picha tu ya kubandika nyuma ya mtu. Kwamba lile ghala la korosho ulikokuwa unafanya kazi limefungwa na wote mmeambiwa mwende makwenu. Kwamba kabla ya Pasaka ulishuka kwenye basi hapo Moshi, ukaenda moja kwa moja kwa dada yako, na upo hapo mpaka leo, unauza parachichi pale Kiboriloni. Pasua, Eliakim! Siku ile ya kiduara ungepanda bodaboda, ungefika kabla hakijamaliza kuzunguka.

Kazi kuisha hakuniumizi. Kazi huisha. Na parachichi nayo ni kazi, tena unaifanya juani, watu wanakuona, si kama kule kukaa gizani na magunia. Kinachoniuma ni kapu. Kila siku ya soko mama yako alishuka na kapu la ndizi, anasema anakwenda kuuza. Ni nani aliyekuwa anamsaidia kulitwika kichwani? Mimi, na goti hili hili. Nilikuwa nakulisha wala sijui kama nakulisha. Hata raha ya kumlisha mwanangu mliniibia, mkaigawana wenyewe huko chini.

Nikatoka, nikaenda kwa Sirili nipate japo mtu mmoja wa kununa naye. Nikamhadithia yote. Akakuna kidevu, akasema, "Mbe, rafiki yangu, kwani lile parachichi nililokuletea ulidhani limetoka wapi?" Na mimi nililila, Eliakim. Nililila na chumvi, nikalisifu, nikasema aliyelichagua anajua anachofanya. Wakati wote huo Sirili ananitazama kooni.

Mama yako anasema uliogopa ulimi wangu. Ningekucheka, ndiyo. Ulitaka akucheke nani, mpita njia? Ningekucheka siku ya kwanza mpaka ususie chakula, siku ya pili tungeshika mikasi tukapogoe kahawa, yakaisha. Wewe ndiye wa mwisho. Kaka zako wana viwanja vyao, lakini kihamba hiki, migomba yake, kahawa yake na babu yako aliyelala mle ndani, ni chako. Mtu akikosa kazi hurudi kwake. Wewe umerudi mpaka Pasua ukasimama, kama mgeni anayengoja mbwa afungwe.

Leo asubuhi nimekuta jani la sale juu ya kompyuta, limefungwa fundo. Mama yako amelikata kule mpakani mwa shamba. Unajua mambo yetu: ukiletewa sale umekwisha, huna tena la kubisha, unasamehe. Nimemsamehe, hata chai yake nimekunywa. Lakini kumbe alitaka jani lile lile liwatoshe wote, yeye na Kindness na wewe. Nikamwambia, mama, sale si bando la familia.

Bahasha nimeandika Mtwara, kwa sababu ndiko unakosema uko, na mimi si mtu wa kumbishia mwanangu. Nimempa mama yako aipeleke. Ameiweka kwenye kapu, chini ya ndizi, bila kuniuliza posta inafunguliwa saa ngapi.

Nisalimie Kindness, mwambie mlango wake unasema kweli kuliko yeye. Nisalimie shemeji yako Wilson, ambaye kila tukikutana kanisani alikuwa ananiuliza, "Eliakim hajambo huko?" bila hata kupepesa macho. Kumbe ana kipaji, aende akaigize. Mama yako anakusalimu, ingawa nasikia mlikuwa pamoja Ijumaa. Sirili anakusalimu na anauliza yaliyoiva. Mungu akulinde huko uliko, akulinde na huko unakosema uko, maana malaika wako sijui amepelekwa kituo gani.

Limebaki ombi dogo, nalo ni haki yangu. Tangu Pasaka umekuwa ukiniamkia kila Jumapili kutoka Mtwara, na mimi nakuitikia kwa moyo wote. Marahaba zangu zimesafiri hadi huko, hazikumkuta mtu. Kwa hiyo unadaiwa shikamoo moja. Moja tu. Nataka uilete mwenyewe, hapa kizingitini kwangu, na uso wako mtupu usio na bahari nyuma. Nitakucheka, nakuonya kabisa, kula kwanza. Lakini sale usije nalo. Ukija na sale nitalazimika kukusamehe, na mimi, Eliakim, nataka nikusamehe bila kulazimishwa.

Ni mimi ninayekupenda, hata wiki hii,
Baba yako,
Sifael