Nyanda Anataka Kuleta Kitabu Lusendo

Dada Mshauri, shikamoo kwa umri wako ambao siujui, na pole kwa barua nyingi. Naitwa Silvana, naishi kijiji kimoja karibu na Sumbawanga, na jina langu usilifiche, maana gazeti lenu huku linafika kwa basi likiwa la wiki iliyopita na wengi tunalisoma likiwa limeshafungia chumvi. Nina jambo ambalo nikimweleza padri ataona si dhambi na nikimweleza daktari ataona si ugonjwa, lakini linaninyima raha, ndiyo maana nimekuja kwako.

Mume wangu Isdori alifariki kwa ugonjwa wa kifua, sasa huu ni msimu wa pili wa mvua bila yeye. Alikuwa muuzaji katika duka la vitabu pale mjini, duka ambalo mwezi wa kwanza lilipata wanafunzi na miezi mingine yote lilipata vumbi, naye alikuwa anavaa sweta lake la kijivu anafuta vitabu kimoja kimoja huku akisema navyo, halafu mambo ya soko huria yalipokuja duka likafungwa, pakaanza kuuzwa mitumba na redio za kaseti, akarudi nyumbani tukawa tunalima. Hakulalamika. Ila siku ya kwanza shambani alisimamisha jembe akaniuliza, "Mama Hellena, unafikiri hakuna nchi ambayo watu wanapanga foleni ya kitabu kama sisi tulivyokuwa tunapanga foleni ya sukari?" Nikamwambia kama ipo, basi sukari wanayo ya kutosha. Akacheka, akasema, "Basi ipo. Inaitwa Lusendo."

Ndivyo mchezo wetu ulivyoanza. Labda kilimo chetu hukijui, sisi Wafipa tunalima matuta ya mviringo, nyasi tunazifukia ndani ili zioze ziwe mbolea, na sisi tulikuwa tunalima tuta moja wawili, yeye upande huu na mimi upande ule. Tuta likianza yeye anataja kitabu kinachogombaniwa Lusendo, na kabla nyasi za mwisho hazijafunikwa mimi lazima niwe nimesema kwa nini kinagombaniwa. Alikuwa anakohoa kidogo kabla ya kutaja jina, kama mtu anayebisha hodi. Cha kwanza kabisa kilikuwa cha hadithi, Mlango Ulioachwa Wazi, mtunzi wake alikuwa mchuuzi wa chumvi aliyelala Lusendo usiku mmoja akaendelea na safari yake, na mimi nikasema kiligombaniwa kwa sababu kila nyumba ilidhani ndiyo iliyomlaza. Ikabidi serikali yao ikataze kusoma huku unatembea, watu walikuwa wanatumbukia mitaroni. Kingine kilikuwa cha mambo ya kweli, Historia Fupi ya Kofia Zilizopotea, maana Lusendo wana upepo kama wetu, na kila mtu alikinunua ili aone kofia yake imetajwa ukurasa gani. Binti yetu Hellena alipokua akaanza kuja shambani, yeye kazi yake ikawa kuuliza bei.

Hatukuandika hata kimoja. Isdori alisema vumbi alilofuta linamtosha.

Alipofariki, matuta sikuyaweza peke yangu. Mwaka jana mvua zilipokaribia nikamkodi Nyanda, Msukuma mmoja mgane, yeye na ndugu zake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga, aje alime kwa plau. Siku hiyo mimi na Hellena tulikuwa tunapanda nyuma yake, mtoto akaniomba kitabu cha Lusendo, nikamtajia kile cha kofia kwa sauti ndogo. Nyanda akasimamisha ng'ombe.

"Samahani, dada. Huko Lusendo wana ng'ombe?"

"Hawana."

"Pole yao. Wanasoma sana kwa sababu hawana cha kuchunga."

Hellena akacheka, na mimi nikacheka, Dada Mshauri, nikajisikia kama nimeangusha chombo kanisani. Nyanda akaona amepewa njia, akasema yeye ana kitabu cha kuwapelekea, kinaitwa Namna ya Kumwomba Radhi Ng'ombe Uliyemwita Jina la Mwenzake. Akaanza kukisimulia huku analima, kwamba kuna mtu alikuwa na maksai wawili wa plau, mmoja mweusi na mmoja wa madoadoa, yule mweusi akafa, akanunua mwingine mwekundu mwenye nguvu kabisa, lakini siku moja akajisahau akamwita yule mwekundu kwa jina la yule aliyekufa, na yule mwekundu akasimama katikati ya shamba akakataa kuendelea. Mwenyewe akamletea chumvi, hakula. Akamwimbia, hakusikia. Akaenda kwa jirani kuuliza, jirani akamwambia umemshindisha njaa, akasema hapana, umemchapa, akasema hapana, basi umemfanyia nini, akaona aibu kusema. Akarudi shambani akakaa chini mbele ya yule ng'ombe wakatazamana mpaka umande ukaanza kushuka. "Sasa sura ya mwisho," Nyanda akasema, akakohoa kidogo.

Sijui ni kile kikohozi au ni nini. Nikamwambia, "Lusendo vitabu vya wageni vimepigwa marufuku."

Akavua kofia. "Tangu lini, dada?"

"Tangu leo."

Hakukasirika. Alisema, "Haya. Basi nitakaa mpakani," akamaliza kulima akaenda zake, na tangu hapo ananisalimia akiwa barabarani tu, haingii uani.

Sasa mwezi huu amemtuma Husna, rafiki yangu mwenye duka mjini ambako Nyanda hununua chumvi ya mifugo, aniulize kama anaweza kuleta wazee wake kwa posa, na kama sitaki, mvua zikikatika atashuka na ng'ombe bonde la Rukwa na hatarudi kunisumbua. Kwa wakwe hakuna neno, shemeji yangu mkubwa amesema mimi bado kijana, niamue mwenyewe. Kinachonizuia ni Lusendo. Naona nikimruhusu mwanamume mwingine aweke kitabu chake kule, Isdori atakuwa hana mahali pengine pa kukaa, maana kaburini sidhani kama yupo, mimi huwa namkuta kule. Husna ananicheka, anasema, "We Silvana, wenzako wanagombana na mashemeji kwa ajili ya shamba, wewe unakataa mume kwa ajili ya nchi ambayo hata nauli yake haijulikani!" Nikamwambia hawezi kuelewa. Akasema, "Nielewe nini, mwenzangu? Nasubiri visa!"

Na Hellena kila tukikaa jikoni ananiuliza, mama, kile kitabu cha ng'ombe kinaishaje, na mimi sijui, kwa sababu nilimkatiza. Je, nimjibuje Nyanda?

Silvana, Sumbawanga

JIBU

Marahaba, Silvana, na umri wangu uuache huko huko usikoujua. Pole sana kwa kumpoteza Isdori. Nilipofika kwenye kofia nilicheka mpaka mwenzangu wa habari za michezo akaja kuuliza kuna nini, na nilikuwa nimeshapita lile sweta la kijivu, nikarudi kulisoma upya. Ulikuwa na mume mzuri. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Hiyo sheria ya kufukuza vitabu vya wageni umeitoa wapi? Rudi kwenye barua yako mwenyewe. Kitabu cha kwanza kabisa cha Lusendo, kile kilichowatumbukiza watu mitaroni, mtunzi wake ni nani? Mchuuzi wa chumvi. Mpita njia aliyelala usiku mmoja. Isdori ndiye aliyemruhusu, tena kabla hata nchi yenyewe haijapata kitabu kingine, na wewe mwenyewe ukasema kila nyumba ilidhani ndiyo iliyomlaza. Mtu aliyefuta vumbi vitabu vya watu wa mbali kwa upendo ule hawezi kumfungia mlango mtu kwa sababu ametoka Shinyanga. Marufuku ile uliitunga wewe, palepale shambani, kwa hofu, na sasa unataka marehemu ndiye aibebe. Si haki kwake.

Jambo jingine hukuliona, au umeliona ukalikimbia. Kitabu cha Nyanda umenisimulia mpaka rangi za ng'ombe. Mgane anayesimulia habari za mtu aliyeita jina la aliyekufa, hasimulii habari za maksai peke yao. Alikuwa anakwambia kwamba yeye naye ana jina linalomtoka mdomoni bila kutaka, na kwamba lako likikutoka hatasimama katikati ya shamba. Wewe ukamkatiza hapo hapo. Nisingekuwa mbali ningekufinya.

Sijasema uolewe kesho. Mtu kukuchekesha ni jambo jema lakini halitoshi. Muulize kama ana mke mwingine popote, na usione haya kuuliza. Muulize, yeye akihama na mifugo, Hellena atasoma wapi, na mambo ya kanisani mtayafanyaje. Shamba na nyumba ya Isdori ni vya Hellena, na hilo liseme mbele ya shemeji yako mkubwa kabla wazee wa Nyanda hawajakaa kwenye viti. Akikunja uso hapo, umepata jibu bila kuandikia gazeti tena.

Kuhusu Lusendo, vitabu vya Isdori vibaki na jina lake, kama alivyovisema. Nyanda asivirekebishe, na wewe usivirekebishe ili kumpendeza. Vipya vitakuwa na majina ya watunzi wake, kama ilivyo katika duka lolote. Isdori alikuwa muuza vitabu, mama. Alisubiri miaka mingi mlango ufunguliwe aingie mtu mwenye kitabu kipya. Usimfungie duka mara ya pili.

Lakini gazeti hili litakufikia limechelewa, na mvua hazitalisubiri. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, hata kama limefungia chumvi, vaa kanga, mchukue Hellena, nendeni kwa Nyanda. Habari za posa usianze nazo. Mwambie marufuku imeondolewa, kisha umwache mtoto aulize kile kitabu kinaishaje, maana yeye ndiye aliyeanza kuuliza. Na safari hii akikohoa, nyamaza mpaka amalize.