Daftari Langu Mlangoni pa Darasa la Bure

Mikumi, Jumamosi

Darasa la bure la wageni wa hifadhi litafungwa watu wasipofika Jumamosi ijayo. Amenieleza Mwanaidi, mhifadhi anayelifundisha.

Leo walifika wafugaji watatu. Waliponiona na daftari, wakaishia mlangoni.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia mkubwa wao.

"Marahaba. Unaandika majina ya wenye ng'ombe walioingia hifadhini?"

"Hapana, mzee. Mimi mwandishi wa habari."

"Basi ndiyo mbaya zaidi!" Wakaondoka wakicheka.

Mwanaidi alifundisha somo zima la tembo, mimi peke yangu nikisikiliza. Nimezoea watu kunyamaza nikitoa kalamu. Leo sikupenda.

Nyumbani Kilosa sina wa kumsimulia, ndiyo maana naandika hapa.

Jumamosi saa nne asubuhi nitarudi darasani. Daftari litabaki Kilosa.